Jina Lililopita Kwenye Kioo

Simu yangu iliniletea wimbo ule bila kuombwa. Nilikuwa nakatakata vitunguu, simu nimeiegemeza kwenye dirisha la jiko inapiga muziki inaoutaka yenyewe, maana siku hizi ndivyo tunavyosikiliza: programu inakuchagulia, kisha inakusifu kwa uchaguzi wako. Gitaa likaanza. Wasichana wakauliza, mwanaume akaitika. Nikafuta mikono kwenye kanga nikatazama. Picha ya mzee mwenye miwani myeusi, chini yake jina, Maestro Gido, na kando ya jina alama ya tiki ya kuthibitisha kwamba ndiye. Nikalibonyeza lile jina kwa kidole gumba, nikalishikilia. Sikufikiri. Kidole kilikumbuka kitu kilichojifunza utotoni, kwamba jina ukilibonyeza inavyotakiwa linafunguka, linakupa nafasi, unalifuta. Halikufunguka. Ikatokea orodha ya mambo ninayoruhusiwa: kuupenda wimbo, kumtumia rafiki, kumfuata msanii. Ningejua anakoishi, ningemfuata kweli.

Wa rika langu mtaikumbuka ile programu ndogo ya kupigia muziki, hata kama mliikuta kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Kidirisha cha kijivu kilichokaa kwenye kona ya kioo. Tarakimu za kijani zinahesabu muda. Jina la mwimbaji na la wimbo linapita polepole kutoka kulia kwenda kushoto, likiisha linaanza upya. Pembeni yake nguzo nyembamba za kijani zinapanda na kushuka kwa kufuata mdundo. Basi. Haikutaka namba yako ya simu. Haikukuuliza umri, wala haikukukatisha katikati ya ubeti ili ikuuzie sabuni. Ukiibofya imefunguka, ukiifunga imefungwa. Programu nzima ilikuwa nyepesi kuliko picha moja ya sahani ya wali ambayo mtu anaipiga leo kwa simu. Haikujua wewe ni nani na haikuwa na haja ya kujua. Ninayo mpaka sasa, kwenye laptop kuukuu ambayo betri yake ilishakufa na ambayo mdogo wangu kila akija ananiambia niitupe. Siitupi. Nina kesi humo.

Niliiona kwa mara ya kwanza dukani kwa Mzee Jetha, mjini Shinyanga, kwenye mtaa wa maduka ya Wahindi ambao vumbi lake liliingia mpaka ndani ya makabati ya vioo. Mzee Jetha aliuza redio, betri, balbu na kanda. Mama aliuza michembe na karanga kwenye baraza lake, kwa makubaliano ambayo hayakuandikwa popote. Kila asubuhi mzee alitoka na kandambili zake, akachota karanga kiganja kimoja, akasema, "Kodi hiyo, Mama Kabula." Mama akamjibu, "Leo kiganja kimekua, mzee. Umekula nini jana?" Kabula ni mimi. Nikitoka shule nilikaa pale barazani mpaka jua lipoe, nikinuka michembe. Kwa wasioijua, ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa mpaka vikakakamaa kama kuni. Vikichemshwa harufu yake ni tamu na nzito, na haitoki kwenye nguo. Shuleni waliniita Michembe. Hao nao majina yao ninayo.

Kompyuta ililetwa na mjukuu wa Mzee Jetha, Bhavna. Alikuwa amemaliza shule Mwanza, hajaolewa na hataki kuulizwa ataolewa lini, na babu yake alimnunulia mashine ile ili ahesabu mali ya duka. Bhavna aliifunika kwa kitambaa cha kufuma kama televisheni. Mali ya duka aliimaliza kuihesabu upesi. Binamu yake wa Dar es Salaam alikuwa anamletea diski zilizojaa nyimbo, naye akagundua kwamba waya mmoja kutoka kwenye kompyuta mpaka kwenye deki unamtosha kurekodi kanda na kuziuza. Nyingi zilikwenda Geita. Wakati ule watu wa kila kabila walikuwa wanamiminika huko kufuata rashi, yaani mbio za dhahabu, na mtu aliyeshinda ndani ya duara, chini kwenye shimo la giza, akitoka alitaka muziki kabla ya chakula.

Nilikuwa nasimama nyuma ya kiti cha Bhavna nikitazama nguzo za kijani. Mtoto mwingine angeona mashine. Mimi niliona majembe. Nilikuwa nimeshakwenda na mama Kishapu wakati wa palizi ya pamba, nikawaona wanawake wamejipanga mstari mmoja, majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja, wimbo ukiwa mbele yao unawavuta. Kwa hiyo nilijua kilichomo ndani ya kompyuta: kuna shamba dogo sana na wanawake wadogo sana wanalima, na wimbo ukiisha wanapumzika. Nilimwambia Bhavna. Hakunicheka. Alisema, "Basi tusiwachoshe," akapunguza sauti.

Kule shambani mama ndiye aliyekuwa anaongoza. Mjini alikuwa Mama Kabula wa karanga, lakini akifika Kishapu, akivua viatu na kushika jembe, wanawake wakubwa kuliko yeye walinyamaza kumsubiri aanze. Alitunga mwenyewe. Maneno sikuyaelewa. Shuleni kwetu ukikutwa unazungumza Kisukuma ulivalishwa kibao shingoni ukashinda nacho, kwa hiyo mama alinilea kwa Kiswahili kitupu, na Kisukuma changu kilikuwa cha salamu na cha kutumwa dukani. Kisukuma cha nyimbo ni kingine kabisa. Nilichokishika ni kitu kimoja tu: mwimbaji hujitaja ndani ya wimbo wake. Anataja jina lake, la baba yake, la kijiji chake. Wengine wanapiga sahihi kwa kalamu, wao wanaipiga kwa sauti, na mtu akiimba wimbo wako lazima akutaje. Pia niliona kwamba ziko nyimbo ambazo mtu mmoja anabaki nyuma ya mstari, anaulizwa na wenzake, anaitika peke yake, "Nene," yaani mimi, na wengine wanacheka. Nilidhani ni mchezo.

Huko ndiko Gido alikotukuta. Alikuwa amekuja Kanda ya Ziwa na rashi kama wengine, maduara hayakumpa kitu, akashika gitaa na kupiga kwenye baa za wachimbaji. Alifika shambani akiwa na redio kaseti na viatu vyeupe. Akalala kwenye kivuli cha mgunga, akala michembe waliyokuja nayo wanawake, na walipoanza kulima akawasha redio yake akarekodi. Siku iliyofuata alirudi akisema kanda imeliwa na redio, inabidi warudie. Nilikuwepo, nimekaa juu ya ndoo.

"Halafu Mama Kabula," akasema, "pale unapojitaja, paondoe. Wimbo uwe wa watu wote. Dar hawamjui Mama Kabula."

Mama aliegemea mpini wa jembe akavitazama viatu vyake. "Ni kweli, hawamjui."

"Si unaona?"

"Naona. Basi njoo kesho. Nitaupanga upya."

Kesho yake mama alimwambia, "Hapa patakuwa na maswali. Wanawake wanauliza, mwanaume anaitika. Utaitika wewe, maana hapa mwanaume mwingine hayupo."

"Naitika nini?"

"Nene."

"Maana yake?"

"Mimi."

Gido akalijaribu mdomoni. "Nene. Nene. Hiyo nzuri. Naitika kila mara?"

"Kila ukiulizwa. Usiruke hata moja."

Walipoanza kuimba, wanawake wawili walikaa chini kwa kucheka wakashindwa kusimama. Nilidhani wanacheka jinsi anavyolitamka. Alicheka pia, akawapungia mkono, mtu anayependwa na watu. Njiani tukirudi mama aliniambia, "Huo wimbo wa leo nimeutunga mimi, usiku mmoja," na nikaupeleka shuleni kama zawadi. Nilimwambia kila aliyeniita Michembe kwamba mama yangu ana wimbo na unakwenda Dar.

Ulikwenda kweli. Ulirudi ukiwa na gitaa, ngoma za mashine, na wasichana wa Dar walioyakariri maneno kutoka kwenye kanda silabi kwa silabi bila kuyajua. Gido aliuleta mwenyewe dukani ili Bhavna autie kwenye kompyuta, atoe kanda za kupeleka Geita. Nilikuwa nyuma ya kiti. Wimbo ukaanza na nikautambua kabla ya maneno. Jina likapita kwenye kioo kwa herufi za kijani: Maestro Gido. Nene.

"Huu wimbo ni wa mama," nikasema.

Gido alikuwa ameegemea kaunta. Hakukasirika. Laiti angekasirika. Aliinama, akaniwekea mkono kichwani. "Unajua kusoma?"

"Najua."

"Soma pale."

"Maestro Gido."

"Basi. Mtu anaweza kusema uongo. Kompyuta haidanganyi, mwanangu."

Nikatazama nje. Mama alikuwa barazani anapima karanga kwa kopo. Wimbo ulimfikia, maana Bhavna aliweka spika mlangoni, na wanawake wa sokoni waliokuwa karibu naye, Mama Doto wa nyanya na wenzake, walikuwa wanacheka mpaka wanashikana mabega. Ndani ya spika mwanaume anaitika: mimi, mimi, mimi. Nilijua jibu, sikujua swali. Nikaelewa kwa akili yangu ya wakati ule kwamba anaulizwa wimbo ni wa nani, anajibu ni wake, na kwamba watu wanamcheka mama kwa sababu alijisifia kitu cha mwanaume. Mama naye akacheka. Nikaona kwamba anajichekesha ili aibu ipite.

Watu wanafikiri kitu kibaya alichofanya Gido ni kuchukua wimbo. Wimbo ni kitu kidogo. Mimi nilianza kumpima mama yangu mzazi kama unavyopima noti unayodhani ni bandia. Kama wimbo si wake, na mengine je? Alikuwa ameniambia nilizaliwa siku ya mvua kubwa, ndiyo maana nikaitwa Kabula. Nikamwendea Mama Doto, nikamuuliza kama mvua ilinyesha kweli.

"Ilinyesha," akasema.

"Ulikuwepo?"

"We mtoto, unataka nikuletee na mvua yenyewe?"

Alikuwa ameniambia baba yuko Geita, anachimba, atarudi. Nikaacha kuuliza atarudi lini, nikaanza kuuliza nani alimwona. Mama alinijibu kwa subira, kisha akaacha kunijibu. Msimu mzima tulikula chakula kimoja sahani moja na mimi sikuamini neno lake hata moja, kwa sababu mtu mwenye viatu vyeupe alinionyesha maandishi. Hiyo miezi sijamsamehe. Nasema ili ijulikane.

Kilichonitoa humo ni uvivu wa binamu wa Dar. Alileta diski ambayo majina ya nyimbo yalikuwa yameandikwa ovyo, za Kihindi zimeitwa za Kongo na za Kongo hazina jina. Bhavna akakaa kuyarekebisha. Akaweka kipanya juu ya jina, akabofya kwa kitufe cha kulia, kidirisha kikafunguka, akafuta, akaandika. Jina jipya likaanza kupita kwenye kioo kana kwamba lilikuwepo siku zote. Wimbo mmoja ulimshinda, hakujua ni wa nani, akaandika jina la utani la binamu yake. Likapita nalo. Nguzo za kijani hazikujali.

"Dada Bhavna, unaruhusiwa?"

"Nani anikataze?"

"Lakini kompyuta haidanganyi."

"Kompyuta haijui chochote, Kabula. Inaandika ninachoandika."

"Na la Maestro Gido, nani aliandika?"

Akafikiri kidogo. "Mimi. Alinitajia, nikaandika."

Nimesoma mpaka chuo kikuu, nimekaa mbele ya maprofesa wenye sauti nzito, na sijasikia sentensi iliyonifaa kuliko ile. Alinitajia, nikaandika. Tangu siku ile mtu akinionyesha kilichoandikwa, kiwe kibao cha barabarani au kitabu cha historia, ninauliza nani alitaja na nani aliandika. Chuoni wenzangu walichoka nami. Mhadhiri mmoja aliniambia nina roho ya ubishi. Nilimuuliza nani kamwambia.

Nikamwomba Bhavna nafasi ya kuandika. Alinitazama, akainuka, akanipisha kwenye kiti chake. Herufi nilizitafuta moja moja, kidole kimoja, zote kubwa kwa sababu sikujua kuzifanya ndogo: MAMA KABULA. Nikabonyeza alipoonyesha. Jina la mama yangu likatokea upande wa kulia wa kile kioo, likapita polepole katikati ya kijani, likaondokea kushoto, likarudi tena. Nilisimama pale mpaka duka likafungwa. Na Bhavna, ambaye maandishi ya kwenye makasha ya kanda aliyanakili kutoka kwenye kioo, hakubadilisha. Boksi zima likapanda basi kwenda Geita likiwa na jina la mama.

Gido alirudi akiwa na vumbi la safari bado kwenye nyusi. Viatu vyeupe vilikuwa vimekuwa vyekundu. Alitupa kanda moja juu ya kaunta.

"Nani kaandika hii?"

Bhavna aliisoma bila haraka. "Kompyuta, Maestro."

"Kompyuta gani?"

"Hii. Na haidanganyi, wewe mwenyewe si ulisema?"

"Usinifanyie mchezo, binti. Nimepanda jukwaani kule, nimeshika gitaa, mchimbaji mmoja mlevi ananiinulia kanda, ananiuliza Mama Kabula ndiye mke wako au wewe ndiye Mama Kabula? Baa nzima. Wanataka nivae kanga ndipo niimbe."

Mzee Jetha akatoka ndani akitafuna. "Maestro, kelele punguza, wateja." Lakini mteja hakuwepo hata mmoja, wote walikuwa wamesimama mlangoni kusikiliza, na mbele yao yupo mama. Gido akamgeukia.

"Mama Kabula. Unanijua mimi?"

"Nakujua, Maestro. Nitakusahau vipi?"

"Huu wimbo ni wa nani?"

Nikashika ukingo wa kaunta. Hapo ndipo nilipokuwa nimepasubiri. Mbele ya soko zima mama yangu atasema, na mimi nitaonyesha maandishi. Mama akafuta mikono kwenye kanga yake, akamtazama usoni kwa upole ambao sijawahi kumwona nao tena.

"Ni wa kwako," akasema. "Kila mtu anajua ni wa kwako. Bhavna, mrudishie Maestro jina lake. Andika vizuri, lisomeke."

Wanawake nyuma yake wakaangua kicheko. Mama Doto alipiga mapaja yake, akasema kitu kwa Kisukuma ambacho kiliwaongezea. Gido akavuta koti, akainama kidogo kuwashukuru. Bhavna akakaa akaandika. Jina la mama likaondoka kwenye kioo, la Gido likapita. Mimi nilikwenda nyuma ya stoo ya pamba nikarusha mawe kwenye bati la mtu mpaka akatoka na fimbo.

Sikumuuliza mama kwa nini. Mtoto aliyesalitiwa haulizi, anakumbuka. Nilipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni, Bhavna alinipa diski ndani ya bahasha. Alikuwa ametunza nakala ya wimbo kabla hajalirudisha jina la Gido. Sikuwa na cha kuipigia, lakini niliihamisha sanduku kwa sanduku, bweni kwa bweni, mpaka siku niliyopata laptop yangu ya kwanza, na kitu cha kwanza nilichokitia humo ni ile programu ndogo. Ikafunguka kwenye kona. MAMA KABULA, likapita. Kila nilipokuwa na siku mbaya niliifungua kulitazama. Sikuwa nasikiliza wimbo. Sauti niliifunga. Sikutaka kumsikia yule mwanaume akijibu mimi.

Kwa hiyo mtaelewa nilichofanya siku ile ya vitunguu. Niliwaandikia wenye programu ya simu. Niliwaeleza kwamba wimbo wanaoutangaza kama wimbo wa mapenzi wa Kisukuma umetungwa na mama yangu, mkulima wa Kishapu. Jibu lilikuja kabla vitunguu havijaiva, bila shaka la mashine, likinishukuru kwa kuwasiliana nao na kuniomba uthibitisho wa umiliki. Nikasoma pia kwamba wako watu huko Dar wanaotaka kumtuza Maestro kwa mchango wake katika muziki wa asili, na kwamba atauimba wimbo huo jukwaani. Chini ya wimbo wasikilizaji walikuwa wameweka vikatuni vya nyuso zinazocheka, vingi sana, mpaka nikashangaa furaha hiyo inatoka wapi. Nikakata tiketi ya basi.

Mama sasa anaishi kijijini kwao, macho yamepungua, ulimi haujapungua. Nilimkuta uani anachambua choroko. Nikamsalimu, nikanywa maji, nikaweka simu mbele yake ikirekodi.

"Mama, nataka useme hapa kwamba wimbo wa Nene ni wako."

"Kwani wanasema ni wa nani?"

"Wa Gido."

"Ni wa kwake."

"Mama, tafadhali. Mimi si mtoto tena. Nilikuwepo ukimfundisha. Uliniambia umeutunga wewe."

"Nimeutunga mimi. Ni wa kwake. Nilimtungia yeye." Akapuliza maganda. "Kwani wewe unajua anaulizwa nini mle?"

Nikatikisa kichwa.

"Umesoma mpaka umemaliza shule zote na hujui anaulizwa nini."

"Hukunifundisha."

"Walikuwa wanakuvalisha kibao. Haya, washa hiyo simu yako."

Nikaupiga. Gitaa, kisha wasichana wa Dar wenye sauti tamu. Mama akawa anatafsiri juu ya sauti zao, ametulia, mikono kwenye choroko. Nani huyu aliyekuja shambani bila jembe? Mwanaume: nene. Nani aliyekula michembe ya wanawake akalala kivulini? Nene. Nani anayebaki nyuma ya mstari, wenzake wamemaliza, anaokota jasho lao anasema ni lake? Nene. Nani atakayebeba mzigo wa wenyewe mpaka siku ya kuzikwa? Nene, nene, akaivuta ile ya mwisho kwa madoido, gitaa likamfuata.

"Ni wimbo wa mzembe," mama akasema. "Mtu akizembea kwenye palizi anaachwa na kipande chake, anaulizwa, lazima aitike mpaka akimalize. Yeye alitaka jina langu litoke. Nani anataka jina lako litoke kama si mwenye kutaka kuweka lake? Nikamwekea mahali."

"Na kina Mama Doto walikuwa wanamcheka yeye."

"Ulidhani wanamcheka nani?"

"Na hakuna aliyemwambia? Miaka yote hii?"

"Nani amwambie? Anayecheka hataki raha iishe." Akanigeukia na yale macho yaliyopungua. "Ila wewe nusura uniharibie. Uliniandika mimi. Watu wa Geita wanasikia Mama Kabula alikuja bila jembe, Mama Kabula alikula michembe ya watu akalala. Ningekubali? Ndiyo maana nikamwambia yule binti amrudishie, na aandike vizuri."

Nilimwambia kwamba diski ninayo mpaka leo, na kwamba jina lake bado limo. Mama aliacha kuchambua.

"Bado nimo?"

"Umo."

"Wewe mtoto," akasema, "kanitoe."

Ndani ya basi la kurudi niliwaandikia tena wale wenye programu ya simu. Niliwaambia nimekosea, wimbo ni wa Maestro Gido, wasiliguse jina lake. Kama walivyotaka, nikathibitisha. Hiyo programu yao mpya ambayo ndani yake hakifutiki chochote, yenye tiki na picha na kumbukumbu isiyochoka, kwa mara ya kwanza niliona faida yake. Atabaki humo. Atapanda jukwaani na suti, watampa ngao, wataomba aimbe, ataulizwa mbele ya watu wote na ataitika, na mahali fulani ukumbini atakuwepo Msukuma mmoja.

Nyumbani nilichomeka laptop kuukuu kwenye umeme. Programu ndogo ikafunguka kwenye kona yake. Nikaweka kipanya juu ya jina, nikabofya kwa kitufe cha kulia, kidirisha kikatokea na zile herufi kubwa nilizozitafuta moja moja kwa kidole kimoja. Nikazifuta. Nikaandika Maestro Gido, nikahakikisha limeandikwa vizuri, linasomeka. Kisha nikaupiga wimbo, safari hii na sauti. Jina likaanza kupita kutoka kulia kwenda kushoto, majembe ya kijani yakapanda na kushuka pamoja, wasichana wakauliza ni nani huyu aliyekuja shambani bila jembe, na kabla Maestro hajaitika nikaongeza sauti.